Kabla foni ya mwisho haijanyamaza

Barua ya wazi kwa Divisheni ya Mkoa ya Afya ya Kivu Kaskazini na antena zake, yaani ofisi zake za tawi, za Beni na Butembo. Kwa mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, na mfuko wa huduma kwa wote, FDSU. Na kwa makampuni ya simu yanayofanya kazi Beni, Butembo na Watalinga



Kuna sauti ambayo muuguzi aliyefanya kazi mashariki ya Kongo kabla ya simu za mkononi hawezi kuisahau. Kwanza unasikika mkwaruzo, kama mchele unaomwagwa juu ya bati. Kisha filimbi inapanda na kushuka, mtu akitafuta masafa. Halafu linakuja jina la kituo kinachoitwa, mara mbili, na la anayeita, mara moja, na mwishoni lile neno la Kifaransa la kumpa mwenzako zamu: à vous. Hiyo ndiyo foni.

Foni ni sanduku la chuma lisilozidi ukubwa wa kitabu kinene, betri ya gari, pano ya jua juu ya paa na waya uliofungwa kati ya mikaratusi miwili. Kwa vifaa hivyo tu, kituo cha afya kilichozungukwa na msitu kilimfikia daktari aliyekuwa ng'ambo ya mto. Kiliuliza dozi, kiliomba damu, kiliarifu kwamba mama fulani yuko njiani juu ya kipoyi na wanaombeba wameshafika mtoni. Leo wataalamu huiita kazi hiyo huduma ya afya kwa mbali, na huizungumzia kama jambo lililokuja na tableti. Watu wa zoni za afya waliifanya kwa miaka mingi bila kuipa jina.

Barua hii haiji kuomba foni itukuzwe wala simu zipingwe. Hakuna mtu wa Kamango anayetaka kurudi nyuma. Kinachosumbua ni namna uhamisho wenyewe unavyokwenda. Hakuna waraka uliowahi kutangaza kwamba analojia imefungwa na dijitali imefunguliwa. Mradi unaleta tableti, na mwaka huohuo betri ya foni inakufa na hainunuliwi nyingine, kwa sababu bajeti haina tena mstari wake. Mwendeshaji wa foni anastaafu, hapewi mrithi. Waya unakatika kwa upepo, unageuka kamba ya kuanikia nguo. Siku mnara wa simu utakapozimika, ndipo itagundulika kwamba njia ya pili ilikwisha kufa kimyakimya.

Kamango inastahili kuwa mahali pa kuanzia mazungumzo haya, kwa sababu ramani yake haina huruma. Ni makao ya usultani wa Watalinga, katika teritwari ya Beni, kwenye bonde la Semuliki chini ya Ruwenzori. Ukipiga mstari ulionyooka mpaka Beni unapata yapata kilomita 50. Lakini mgonjwa hasafiri kwa rula. Barabara ya kwenda Mbau inakatiza msitu wa Hifadhi ya Virunga na kuvuka Semuliki, na ni kwenye njia hiyo, tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilivamiwa na kundi linaloaminika kuwa waasi wa ADF, askari wasiopungua 14 wa Tanzania wakauawa. Miaka minne kabla ya hapo, Julai 2013, ADF waliingia Kamango yenyewe, na katika siku chache watu zaidi ya 60,000 wakavuka mpaka kukimbilia Bundibugyo, Uganda. Tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Uganda nalo lilipita Nobili, mpakani, mwisho wa pili wa njia ileile, kuingia Kongo katika operesheni ya Shujaa.

Mahali pa namna hiyo, habari husafiri pale ambapo gari haliwezi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa mbili asipopata msaada. Ndani ya saa hizo kuna mambo machache ambayo sauti ya mbali inaweza kuyabadilisha: muuguzi aambiwe afanye nini na dawa aliyonayo, hospitali ijiandae, motari, yaani dereva wa pikipiki, atafutwe, na mtu mwenye habari za barabara aseme kama inapitika usiku huo. Muuguzi mwenye tableti isiyoshika mtandao ana kioo cha kujitazamia tu.

Ni vizuri kukumbuka kwa nini foni ilifanya kazi Watalinga. Mawimbi yake mafupi, kati ya megahezi 3 na 30, hayahitaji kuonana uso kwa uso kama yale ya redio za mkononi. Antena ikifungwa chini-chini na kulazwa, mawimbi hupanda karibu wima, hugonga tabaka la juu la anga linaloitwa ayonosfia, kisha hurudi kama mvua juu ya eneo la mamia ya kilomita. Mlima uliopo katikati hauzuii kitu, kwa kuwa wimbi halipiti ubavuni mwake. Hakuna mnara wa kulindwa, hakuna dizeli ya kununua, hakuna kampuni ya kukata laini. Mwendeshaji anahitaji kujua jambo moja ambalo wakongwe walilijua bila kusoma fizikia: mchana hutumia masafa ya juu, jua likizama hushuka.

Kasoro zake nazo zisifichwe. Foni haina siri. Anayesikiliza masafa yale Oicha anasikia kinachosemwa Kamango, na kwa hiyo jina la binti aliyebakwa au la mtu anayetumia dawa za UKIMWI halikupaswa kutamkwa kamwe, ingawa lilitamkwa. Foni ina saa zake, ambazo waendeshaji huziita vakasio. Aliyepatwa na dharura nje ya vakasio aliita hewa tupu. Na foni huharibu hesabu. Kila wiki vituo vilisoma kwa sauti idadi ya wagonjwa wa surua, kipindupindu na homa ya uti wa mgongo, kwa Kifaransa, katikati ya mkwaruzo. Aliyewahi kusikiliza six na dix zikipita katika spika mbovu anajua kwamba tofauti kati ya wagonjwa sita na kumi ilikuwa sikio la mtu mmoja.

Ndiyo maana dijitali ilipokelewa kwa furaha ya kweli. Wizara ya Afya ilipoanza kutumia DHIS2, mfumo wa takwimu unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, takwimu za zoni ya mbali zikawa zinaonekana Kinshasa bila kupita katika midomo minne. Katika nchi yenye zoni za afya 519, hilo si jambo dogo. Muuguzi akikosea, kosa lina alama yake na linaweza kurekebishwa. Picha ya kidonda inaweza kumfikia mganga wa Butembo. Siri ya mgonjwa, angalau kwa kanuni, ina kufuli.

Kongo yenyewe ina historia ya kuvutia katika jambo hili, na si ya kuchelewa. Telecel ya Miko Rwayitare ilianza kupigisha simu za mkononi Kinshasa katikati ya miaka ya 1980, wakati miji mingi mikubwa ya dunia haijaziona. Simu zile zilikuwa za analojia, nzito kama tofali, na za wenye pesa peke yao. Mitandao ya dijitali ilikuja baadaye: Celtel, ambayo leo ni Airtel, kisha Vodacom mwaka 2002, na Orange muongo uliofuata. Telecel ya zamani ilitoweka, na aliyekuwa na tofali lake alibaki nalo kama kumbukumbu ya kuwekwa kabatini. Tajiri wa Kinshasa hakudhurika kwa hilo. Alinunua simu nyingine.

Kituo cha afya hakiwezi kufanya hivyo, na hapa ndipo uhamisho wa afya unapoachana na uhamisho mwingine wowote. Kenya ilipozima televisheni za analojia Februari 2015, mabishano kati ya serikali na vituo vikubwa yaliacha skrini nyingi tupu kwa zaidi ya wiki mbili. Watu walikosa habari na tamthilia, wakanung'unika, wakanunua ving'amuzi. Hasara ikaishia hapo. Lakini wiki mbili bila njia ya kuita hospitali haziishii kwenye manung'uniko.

Tajiri wa dunia naye amejikwaa kwenye jiwe hilohilo. Uingereza ina watu wapatao milioni 1.8, wengi wao wazee wanaoishi peke yao, wanaovaa kitufe shingoni au mkononi. Mzee akianguka hukibonyeza, na sanduku lililounganishwa na laini ya simu ya nyumbani humwita mhudumu. Kwa miongo mingi laini hiyo ilikuwa ya shaba, na waya wa shaba ulikuwa na hisani ambayo hakuna aliyeihesabu: ulikuja na umeme wake kutoka kituo cha simu. Mtaa ukiwa gizani, kitufe kiliendelea kuita. Laini mpya ya dijitali haina hisani hiyo. Umeme wa nyumba ukikatika, kifaa cha intaneti kinazimika na kitufe kinakuwa kidani.

Mwishoni mwa 2023, baada ya vifaa kushindwa kuita katika nyumba kadhaa zilizohamishwa, serikali ya Uingereza iliyaita makampuni yake ya simu, nayo yakatia saini kwamba hayatawahamisha kwa nguvu watu wanaotegemea vitufe hivyo. Tarehe ya kuzima shaba ilisogezwa kutoka Desemba 2025 hadi Januari 2027. Msimamizi wa mawasiliano wa huko alikuwa amekwisha kuagiza kwamba mteja asiye na njia nyingine ya kuita msaada apewe kifaa cha kumudu angalau saa moja umeme ukikatika. Saa moja, katika nchi ambayo giza la saa mbili huandikwa gazetini. Muuguzi wa Watalinga akisoma hayo atacheka kidogo, kisha atauliza kwa makini: mnara wa simu unaomhudumia yeye una betri ya saa ngapi?

Swali hilo lina jibu katika madaftari ya makampuni, na barua hii inaomba lisomwe hadharani. Minara mingi vijijini Kongo huishi kwa dizeli, betri na jua. Dizeli hupita barabarani, na barabara ya Mbau imekwisha kuelezwa. Kwa hiyo usiku wa hatari zaidi ni usiku ambao mnara nao uko hatarini zaidi, na sababu ni moja. Njia mbili zinazokufa kwa sababu moja ni njia moja iliyoandikwa mara mbili.

Si mapigano pekee yanayozima mitandao. Janga la kumi la Ebola lilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, likianzia Mangina na kushika Beni, Butembo na Katwa. Lilipomalizika tarehe 25 Juni 2020 lilikuwa limehesabu wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kazi ya kulizuia ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kuita na kuitikiwa: kila aliyemgusa mgonjwa alifuatiliwa siku 21, na tahadhari zilipigwa kwa maelfu. Katikati ya kazi hiyo, tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchini kote. Ilirudi karibu siku 20 baadaye. Wapiga kura wa Beni na Butembo walikuwa wameambiwa wasubiri hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama. Ebola yenyewe haikuambiwa isubiri. Amri iliyotolewa Kinshasa kwa hoja za Kinshasa ilifika hadi kwenye simu ya anayefuatilia wagonjwa Butembo. Foni, kwa kuwa haikupita kwa kampuni yoyote, haikuwa na mtu wa kuikata.

Tangu Januari 2025 kuna sababu nyingine. Goma, makao makuu ya mkoa, imo mikononi mwa waasi wa M23, na serikali ya mkoa inafanyia kazi Beni. Ngazi ambayo taarifa zilipanda, kutoka kituo hadi zoni, kutoka zoni hadi mkoa, ilikatika daraja la juu. Antena ya Beni, iliyozoea kupokea na kupeleka mbele, sasa iko karibu na kichwa cha mkoa kuliko wakati wowote. Ni nafasi ya kupanga upya mawasiliano ya afya ya upande huu wa kaskazini bila kudhani kwamba kila kitu lazima kipite Goma.

Na upo mpaka. Nobili na upande wa Uganda hazitenganishwi na ugonjwa wala biashara. Mtu wa mpakani hubeba laini mbili, ya Kongo na ya Uganda, na mara nyingi anajua ni mtandao upi unaoshika chini ya mwembe upi. Mwaka 2007 aina mpya ya kirusi cha Ebola iligunduliwa Bundibugyo na kupewa jina la wilaya hiyo. Chanjo iliyochomwa kwa watu zaidi ya 300,000 wakati wa janga la Beni haikutengenezwa kwa ajili ya aina hiyo. Yaani onyo la mapema kati ya Bundibugyo na Kamango ni kinga ambayo hakuna sindano inayoziba pengo lake. Lakini katika orodha za dijitali mpaka ni ukuta: tableti ya Kongo inaripoti Kinshasa, ya Uganda inaripoti Kampala, na wauguzi wawili wanaotazamana ng'ambo ya mto wanasubiri miji mikuu iongee. Kupiga kutoka laini ya huku kwenda ya kule kunalipiwa kama simu ya kimataifa, kutoka mfukoni mwa muuguzi.

Afrika Mashariki ina mifano ya kufuatwa, ya zamani na ya sasa. Amref, iliyozaliwa mwaka 1957 kama madaktari warukao, iliunganisha hospitali za vijijini na Nairobi kwa redio za masafa marefu. Ushauri wa daktari uliruka kabla ndege haijaruka, na mara nyingine uliifanya ndege isihitajike. Huko Iganga, Uganda, mwaka 1996, wakunga wa jadi walipewa redio za mkononi zilizochajiwa kwa jua katika mradi wa RESCUER, wakaweza kuita kituo cha afya kutoka kijijini. Wengi wa wanawake hao hawakuwa wamesoma sana. Walijifunza redio kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuwajibu.

Mfano wa sasa ni m-mama wa Tanzania, ulioanzia Sengerema na Shinyanga na kutangazwa kuwa wa nchi nzima mwaka 2022. Mtu anapiga 115 bila malipo. Muuguzi katika kituo cha simu anauliza maswali kwa msaada wa programu, anaamua kama ni dharura, kisha, gari la wagonjwa likikosekana, anamtafuta dereva wa kawaida wa jirani aliyesajiliwa mapema. Dereva analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama hospitali. Ukiutazama vizuri, kiini chake si programu. Ni mtu anayepokea simu saa tisa usiku, bei iliyokubaliwa kabla ya dharura, na pesa inayofika kweli. Motari wa Kamango anaelewa mfumo huo bila semina. Akiwa na hakika ya kulipwa, atatoka.

Kwa hiyo, waheshimiwa, maombi yenyewe ni haya.

La kwanza ni kwa Divisheni ya Mkoa: foni ya kituo chochote isiondolewe, wala isiachwe ife, mpaka njia mpya ya kituo hicho iwe imejaribiwa katika hali mbaya na si siku ya uzinduzi. Jaribio liwe rahisi. Mara moja kila miezi mitatu, kwa saa 24, kituo kijifanye hakina mtandao wa simu, kisha ionekane kama kinaweza kuifikia hospitali ya zoni kwa njia nyingine, mchana na usiku. Kikishindwa, basi kinachoitwa uhamisho hakijafanyika hapo.

La pili: hesabu ya kifaa iwe pamoja na umeme wake. Tableti, betri, pano, waya, fundi na betri ya kubadilisha baada ya miaka michache viandikwe katika mstari mmoja wa bajeti, ili mfadhili asiweze kulipia kioo na kuacha moyo. Pano ya kituo iwe na kufuli na utaratibu, kwa sababu kila mtu anajua kwamba ikifika jioni simu za nusu ya kijiji huchajiwa hapo, na friji ya chanjo ndiyo inayolipa.

La tatu: programu zinazopelekwa kwenye zoni kama Kamango ziwe na uwezo wa kuhifadhi bila mtandao na kutuma mtandao ukirudi, na taarifa za dharura ziweze kufupishwa hadi ujumbe mfupi. Inafaa pia kukumbuka kwamba dijitali si lazima ipite mnarani. Redio ya mawimbi mafupi ikifungwa modemu hutuma maandishi. Ni polepole, lakini jedwali la wiki la magonjwa ni mistari michache tu. Mashirika ya misaada na wamisionari wametuma barua pepe kwa njia hiyo kutoka katikati ya misitu kwa miaka mingi. Kosa la six na dix linaweza kufutwa bila kuifuta foni.

La nne ni kwa makampuni ya simu na ARPTC: iwepo namba moja fupi ya afya kwa teritwari ya Beni na mji wa Butembo, isiyolipiwa na anayepiga, inayopita katika mitandao yote. Muuguzi asilazimike kununua unite za simu ili kuomba damu. Namba hiyo iwe na mtu wa kuijibu anayesema Kiswahili, na kwa zamu anayesema Kitalinga na Kinande, maana mtu mwenye hofu hurudi kwenye lugha ya mama. Makampuni yakubaliane na wenzao wa ng'ambo ili laini chache za wauguzi wa mpakani, zilizosajiliwa kwa majina ya vituo, zipige Bundibugyo kama zinavyopiga Beni.

La tano ni kwa FDSU. Sheria ya mawasiliano ya 25 Novemba 2020 iliweka mfuko huu kwa ajili ya mahali ambapo biashara peke yake haifiki. Watalinga ni mahali hapo. Na kwa kuwa ARPTC iliipa Starlink leseni Mei 2025, baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia, njia hiyo ya setilaiti sasa ni halali. Inaweza kuwekwa hospitali ya zoni bila kungoja nguzo wala nyaya. Lakini isiwekwe kama njia pekee. Kifaa cha setilaiti nacho kinakula umeme, kinalipiwa kila mwezi, na akaunti yake inaweza kufungwa na mtu aliye mbali ambaye hajawahi kusikia jina la Semuliki.

La sita linahusu siri. Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda taarifa za mtu binafsi. Hata hivyo katika vituo vingi picha na majina ya wagonjwa hupita leo katika makundi ya WhatsApp kwenye simu za binafsi, kwa nia njema kabisa, kwa sababu hakuna chombo kingine kilichotolewa. Foni ilipiga kelele hewani kisha ikasahau. Kundi la simu linanong'ona na kuhifadhi. Katika eneo ambalo simu ya mtu hunyang'anywa na kupekuliwa njiani, orodha ya waliobakwa au ya waliotibiwa majeraha ya risasi inaweza kumfikia yule aliyewajeruhi. Divisheni itoe mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosema nini kitumwe, kwa njia ipi, na kifutwe lini. Na kwa foni, alama za siri za zamani zirudishwe: namba ya mgonjwa, kamwe si jina.

La saba ni la watu. Waendeshaji wa foni waliobaki wanazeeka. Wanajua masafa yapi hushika Mutwanga asubuhi na yapi huleta Butembo usiku. Wanajua kurefusha waya na kusikia kwa sauti tu kwamba betri inachoka. Ujuzi huo haumo katika mwongozo wowote wa tableti. Kila mmoja apewe kijana wa kufundisha, na kijana huyo awe ndiye anayetunza tableti pia. Kama mafundi wa kale na wa sasa watakaa katika vyumba viwili, kila chumba kitangoja kingine kife.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji uvumbuzi. Kinachohitajika kwanza ni kujua hali ilivyo, na kazi hiyo haina haja ya mfadhili. Divisheni inaombwa kuchagua Jumatatu moja. Saa mbili asubuhi, Antena ya Beni ifungue foni na kuita zoni zake zote kwa majina: Oicha, Mutwanga, Mabalako, Kalunguta, Kamango na nyinginezo. Saa mbili usiku iite tena, safari hii kwa masafa ya chini. Antena ya Butembo ifanye vivyo hivyo upande wake. Kila zoni nayo iite vituo vyake. Kituo kitakachojibu kiandikiwe saa na ubora wa sauti. Kisichojibu kiandikiwe sababu, kwa neno moja: betri, waya, au mtu. Kesho yake zoezi lilelile lirudiwe kwa simu na kwa tableti. Orodha zote mbili zibandikwe ukutani katika ofisi kuu ya kila zoni, na nakala zipelekwe kwa ARPTC, kwa FDSU na kwa makampuni.

Watu wa Watalinga wanangojea tarehe ya Jumatatu hiyo.